Kituo cha Kumbukumbu ya TAZARA Kijengwe Stesheni

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Makambako aliniandikia: "Kaka, tumepata kiwanja kando ya barabara kuu, tunataka kituo cha wageni cha kumbukumbu ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Wengine wanang'ang'ania kijengwe stesheni. Wewe uliyepitia haya unatushauri nini?"

Jengeni stesheni. Nilisema hivyo hapa Mbeya na sijabadilika.

Sisi tulibishana kikao baada ya kikao. Hoja ya upande wa pili ilikuwa na uzito: stesheni yetu iko Iyunga, mbali na katikati ya mji, treni ya abiria haipiti kila siku, na wageni wamelala hotelini mjini. Kisha mtaalamu mwalikwa akaleta mchoro wa jengo la vioo, na mlangoni kichwa cha treni ya mvuke kikifuka moshi. Nikasimama. Reli hii ilianza kujengwa 1970, ikakabidhiwa 1976, na vichwa vyake tangu mwanzo ni vya dizeli. Huo mvuke umetoka wapi? Nikaambiwa nisikwamishe maendeleo. Kauli ile inaniuma hadi leo, maana marehemu baba yangu alikuwa miongoni mwa vijana waliochimba mahandaki kati ya Mlimba na Makambako.

Jengo la vioo halikujengwa. Kilichofanikiwa ni kazi tuliyoianza wenyewe, kupita kwa wastaafu nyumba hadi nyumba. Mzee mmoja alivuta sanduku la bati kutoka uvunguni: kofia, vibendera viwili, chekundu na kijani, na spana nzito yenye maandishi ya Kichina mpinini. Akaishika, akapanua miguu, akatuonyesha boliti za kiungio cha reli zinavyokazwa, huku akihesabu kwa Kichina alichofundishwa na fundi wake Mchina enzi za ujenzi wa reli. Leo spana ile iko kwenye chumba tulichoazimwa, na wanafunzi hupokezana kuinyanyua.

Kwa hiyo, ndugu zangu, anzeni na wazee. Matofali yatasubiri; wazee hawasubiri. Warekodini sauti, andikeni nani katoa nini na kilifanya kazi gani.

Pili, msimwage hata lori moja la mchanga ndani ya hifadhi ya reli bila ruhusa ya maandishi. TAZARA ni mali ya serikali mbili, Tanzania na Zambia, kila moja nusu kwa nusu, kwa hiyo barua ya wilaya peke yake haitawalinda. Ombeni kwanza chumba kisichotumika palepale stesheni.

Nanyi wa Makambako mna kitu ambacho Mbeya hatuna. Katika kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, kipande kigumu kuliko vyote ni hicho cha kupanda kutoka Mlimba kuja kwenu, chenye mahandaki mengi na daraja refu la mto Mpanga. Mgeni aone spana, kisha apande treni akayaone hayo mahandaki. Ukimweka barabarani atapiga picha ukutani na kurudi kwenye basi lake.

Kiwanja cha barabarani msikirudishe. Wekeni bango kubwa, maegesho ya mabasi, vyoo safi na mabanda ya mama lishe, halafu bajaji ziwapeleke wageni stesheni.