Alama Imeinuka au Imezama?

Miaka kadhaa iliyopita niliuziwa hapa Tabora sarafu ya heller 20 ya mwaka 1916 (heller ni fedha ya wakati wa ukoloni wa Wajerumani, ndiyo iliyotuzalia neno hela). Upande wenye picha ya taji, juu ya taji lenyewe, kulikuwa na herufi za HELLER zimekaa kinyumenyume, kama unavyoziona kwenye kioo. Muuzaji akaapa kwamba ni kosa la kiwandani, lile ambalo sisi wakusanya sarafu hulilipia zaidi. Nililipa kiasi ambacho sitakitaja, maana mke wangu anasoma makala zangu.

Mzee mmoja fundi saa wa mtaa wa Isevya aliitazama kwa lenzi yake, akacheka. "Mwanangu, hii imebanwa pamoja na sarafu nyingine kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mafundi." Akanionyesha: zile herufi zilikuwa zimezama, taji chini yake limepondeka, na upande wa pili umelala bapa. Kosa la kweli la namna hiyo lipo, pale sarafu iliyokwama kwenye mashine inapoichapa inayofuata. Ila hapo sura iliyogeuka hushika uso mzima.

Tangu siku hiyo huanza na swali moja: alama imeinuka au imezama? Muhuri wa chuma unaopigia sarafu ukipata ufa, shaba huingia ufani wakati wa kupigwa, na sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Msumari au jembe haliwezi kuinua mstari huo. Huchimba tu, na kando ya mfereji hubaki shaba iliyosukumwa. Pitisha ukucha, utaisikia.

Matundu nayo huchanganya watu. Heller 5 za 1913 na 1914 zilitobolewa kiwandani, na tundu lake limezungushiwa ukingo nadhifu. Heller 20 haikuwa na tundu. Ukiikuta imetobolewa, ujue kuna bibi aliyeivaa shingoni. Mimi hizo nazipenda, lakini silipi bei ya kosa.

Mtego mkubwa ni sarafu zetu wenyewe zilizopigwa hapa Tabora, zenye herufi T chini ya mwaka. Zilipigwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza wameziba bahari, sarafu kutoka Ujerumani haziji, ikabidi karakana ya reli ifanye kazi hiyo. Septemba 1916 Wabelgiji wakauteka mji. Taji lililofifia na herufi zisizonyooka ndivyo zilivyozaliwa nyingi, kwa hiyo usilipie upungufu ambao zinao karibu zote.

Halafu, tafadhali, usiing'arishe. Heller 20 za Tabora zipo za shaba ya njano na za shaba nyekundu. Jirani yangu aliiloweka ya njano kwenye maji ya betri, ikatoka na wekundu, akanijia mbio akidhani kapata ya aina nyingine. Nikaigeuza ukingoni; pale ilipowahi kukwaruzika, njano ilikuwa bado inachungulia.