Sensa ya kioo ifungwe wapi?

Mkuu, kama kabati la kufyonza mvuke wa kemikali liko hapo Mtwara, sensa ya kioo, yaani ile inayotambua mkao wa kioo cha mbele kinachopanda na kushuka, ifunge nje, kwenye fremu isiyosogea. Ndani usithubutu, mvuke wa asidi utaila. Ile ya sumaku hukwambia kioo kimefungwa au kiko wazi, basi. Ukitaka kujua kimepandishwa sentimita ngapi, chukua inayopima umbali. Upepo wa bahari huacha unyevu na chumvi kwenye chuma, kwa hiyo futa fremu kwa spiriti, ikauke kabisa ndipo ubandike. Kisha pandisha kioo mpaka juu, kishushe taratibu, hakikisha hakigusi kitu. Na tafadhali sana, kipimo cha mtiririko wa hewa msikiondoe: sensa ya kioo haijui kama feni imezima.