Mteja wa mafua: muulize kwanza, ndipo ushike dawa

Mkuu, umesema ndiyo kwanza umeanza kazi famasi, wateja wa mafua hawaishi na karibu kila mmoja anadai "rangi mbili", zile kapsuli za antibiotiki. Nimekaa kaunta miaka kumi na mbili. Nitakupa ninayoyajua, mengine niliyajua kwa kukosea.

Mafua ya kawaida huanza taratibu: chafya, pua, koo kuwasha. Influenza, yaani mafua makali, humwangusha mtu. Asubuhi kaenda kazini mzima, jioni anatetemeka kwa homa na viungo vyote vinauma. Shida ni kwamba malaria nayo huja hivyohivyo, kwa hiyo mwenye homa apimwe malaria kwanza. Hizo rangi mbili haziui kirusi. Zina kazi pale bakteria wanapoingia mapafuni, na dalili mojawapo ni mtu aliyeanza kupata nafuu kisha homa ikarudi na kifua kikabana. Huyo si wa kaunta tena, ni wa hospitali.

Sasa kosa langu. Alikuja fundi seremala mmoja, nikampa vidonge vya mchanganyiko vya mafua. Akaomba na Panadol za kichwa, nikampa. Ameshashika mfuko, mwenzangu akageuza boksi akaweka kidole kwenye maandishi madogo: parasetamoli 500 mg, dawa ileile ya Panadol, mle mle kwenye dawa ya mafua. Angemeza viwili viwili vya kila aina mara nne kwa siku, ni gramu 8, na mwisho wa mtu mzima ni 4. Ini lingeumia. Kumuuliza presha, anayo! Na mle mlikuwa na fenilefrini ya kuzibua pua, ambayo hupandisha presha. Nilirudisha boksi rafuni nikaona aibu wiki nzima.

Watoto usiwape aspirini kwa homa ya namna hii. Inaweza kuwaletea ugonjwa wa Reye, unaoshambulia ini na ubongo.

Oseltamivir, dawa ya kupambana na kirusi cha influenza, ni dawa ya cheti cha daktari. Hufanya kazi vizuri ikianzwa ndani ya saa 48: mtu mzima 75 mg mara mbili kwa siku, siku 5, na mwenye figo dhaifu hupunguziwa. Ikimtibua tumbo, ameze na chakula. Kijana mwenye afya hupona bila hiyo. Ila mjamzito, mzee, mtoto mchanga, mwenye pumu, kisukari au VVU usimwambie "rudi Jumatatu". Mpeleke kwa daktari leo. Hata akiwa amechelewa mpeleke, maana aliyezidiwa bado anaweza kuanzishiwa.

Chanjo ya influenza watu wengi huku hawaijui, labda mahujaji, maana Saudia inawahimiza wachanje kabla ya safari. Ni ya kila mwaka kwa sababu kirusi hubadilika. WHO hupitia aina zake Februari kwa kaskazini ya dunia na Septemba kwa kusini. Hutolewa kuanzia miezi 6, mjamzito anaruhusiwa, na kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka. Anza na wewe mwenyewe, maana kutwa unakoholewa usoni.

Chanjo hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda itupwe, hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Kama friji yenu mmejaza soda na chakula cha mchana, vitoeni kabla hujaagiza hata dozi moja.