Uliza Fundi: Pikipiki inapiga risasi nikifungua resi, na kabureta nimeshabadili

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni bodaboda, kijiwe changu kipo Msamvu hapa Morogoro. Pikipiki yangu ni CC 150 ya Kichina, ya kabureta, injini ya pushirodi (valvu zinasukumwa na fimbo), nipo nayo mwaka wa tatu sasa. Tatizo lina kama mwezi hivi, asubuhi inawaka kiki moja na inatembea freshi kabisa, ila nikishapiga tripu mbili tatu ikapata moto, nikifungua resi inasita kwanza afu inapiga "paa!" kwenye ekzosi mpaka abiria anaruka. Juzi nimembeba mama mmoja tunapandisha Bigwa, ilivyopiga ya pili akaniambia baba nishushe hapa hapa ntatembea. Nikiipaki kama nusu saa inarudi vizuri. Fundi wa kwanza kasema kabureta, nimenunua mpya, bado. Wa pili kasema plagi, nimebadili mbili, bado. Wa tatu sasa anataka tufungue injini. Nikivuta choki ndo inazidi kuwa mbaya. Nisaidie kabla sijaiuza kwa hasira.
Bodaboda wa Msamvu

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usiuze, na huyo wa kufungua injini mwambie asubiri kwanza, maana umeandika maneno mawili ambayo kwangu ni dhahabu: "ikipata moto" na "nikivuta choki inazidi". Hao mafundi wako nadhani hawakukuuliza, walisikia mlio tu wakakimbilia dukani kwa hela yako.

Iko hivi. Pikipiki ikikosa mafuta ya kutosha, yaani hewa nyingi petroli kidogo, inasita kweli, lakini mara nyingi inakohoa kwa mbele, kwenye kabureta, na ukivuta choki kidogo inapata nafuu kwa sababu choki inaongeza mafuta. Yako umevuta choki ikazidi. Kwa hiyo mafuta yanafika, tena ya kutosha, kinachokosekana ni moto wa kuyachoma. Cheche ikikosekana mzunguko mmoja, ule mchanganyiko wa petroli na hewa unatoka mbichi mpaka kwenye ekzosi, cheche ikirudi mzunguko unaofuata moto unaukuta huko huko kwenye bomba, ndo hiyo "paa" iliyomshusha mama Bigwa. Na inatokea ukifungua resi kwa sababu hapo silinda inajaa, mgandamizo unapanda, na cheche inahitaji nguvu zaidi kuruka pale kwenye plagi. Cheche dhaifu ukiwa kwenye sailensi (injini inanguruma tu bila resi) inajikongoja tu, ukiidai kazi inakimbia.

Sasa nini kinakufa kikipata moto kikafufuka kikipoa? Hapo wapo wachache: koili (inayokuza umeme wa kwenda kwenye plagi), pulsa (ile koili ndogo ya pembeni ya magneti inayoiambia CDI muda wa kupiga), CDI yenyewe (kile kiboksi cha umeme kinachoamuru cheche), na kofia ya plagi. Ndani ya koili kuna waya mwembamba kama unywele, ukiwa umekatika kidogo mahali, baridi unagusana, ukipata joto unatanuka unaachana. Ndo maana nusu saa ya kupaki inatibu.

Kabla ya kununua chochote fanya hivi. Iendeshe mpaka ianze ujinga wake, ikiwa katikati ya ujinga zima, isukume pembeni, fungua plagi hapo hapo (tumia kitambaa, inaunguza kweli). Ikiwa imelowa petroli, tatizo ni cheche. Ikiwa kavu kabisa, tatizo ni mafuta, nami ntakuwa nimekosea, urudi kwenye koki ya mafuta na mfuniko wa tanki. Hiyo plagi iliyolowa ipanguse, ivalishe kofia, igusishe kwenye bodi ya injini mbali na tundu lake maana pale mvuke wa petroli unatoka, piga kiki uangalie. Cheche ya bluu inayolia "tak" ni nzima. Ya njano njano inayokuja na kupotea ndo mwizi wako. Na usipige kiki plagi ikiwa inaning'inia hewani bila kugusa chuma, unaweza kuua CDI iliyokuwa nzima.

Halafu usiku, kwenye giza, washa injini na uangalie ule waya mnene unaotoka kwenye koili kwenda kwenye plagi. Mimi nikiwa bado najifunza kazi nilimaliza siku mbili nzima nikisafisha kabureta ya mteja, natoa jeti, napuliza, narudisha, mpaka kabureta ikang'aa kuliko pikipiki yenyewe. Jioni umeme ukakatika, nikawasha pikipiki gizani ili niifunge niondoke, nikaona kajimwanga kadogo ka bluu kanaruka kutoka kwenye kofia kwenda kwenye mapezi ya silinda, tik tik tik. Kofia ilikuwa na ufa, na springi ya ndani imeliwa na kutu kwa sababu ya kuoshwa kwa maji ya presha kila Jumapili. Mzee aliyekuwa ananifundisha alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa hiyo anza na kofia. Ichomoe kwa kuizungusha, imefungwa kama skrubu, kata waya kama nusu sentimita mpaka uone shaba safi, irudishe. Plagi nayo hata kama mpya pima mwanya wake, kwenye injini hizi ni milimita 0.6 hadi 0.7, maana zinazouzwa mtaani nyingine zinakuja mwanya umefungana. Ikigoma, nenda kijiweni kwenu kwa mwenzio mwenye pikipiki ya aina hiyo hiyo, azima koili yake, tembea mpaka ipate moto. Ikiendelea rudisha, azima CDI. Soda mbili za kumshukuru jamaa ni rahisi kuliko kabureta uliyonunua bure. Pulsa haiazimiki kirahisi kwa sababu iko ndani ya kava, lakini waya zake zinatoka nje, mwenye mita ya kupimia umeme apime ikiwa baridi aandike namba, apime tena ikiwa imechemka na inasumbua. Namba ikiruka sana au mita ikaonyesha hakuna njia, umempata.

Tapeti (zile skrubu za juu za kupanga mwanya wa valvu) sikuzisahau. Kama kuna mtu amezipanga karibuni kwa kukisia na vidole, na injini sasa ipo kimya kuliko zamani, usifurahie ule ukimya. Valvu ya ekzosi iliyobanwa haifungi vizuri, moto unavuja, nayo inapiga risasi vile vile, ila hiyo mara nyingi inasumbua hata kuwaka asubuhi, na yako inawaka kiki moja. Injini hizi za pushirodi asili yake ni Honda CG125 ya miaka ya 1970, na kipimo cha tapeti za ile ni milimita 0.08 injini ikiwa baridi, kwa fila geji (vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya) siyo kwa macho. Kitabu cha pikipiki yako kikisema vingine fuata kitabu. Kuzigusa tu huna haja ya kufungua injini, ni kifuniko cha juu tu.

SWALI: Habari fundi, mimi ni mwalimu huku Babati. Yangu CC 125 haina shida nikiongeza resi, ila nikiachia kwenye mteremko inapiga vimlio vidogo vidogo pop pop pop. Mwezi uliopita nilibadilisha ekzosi. Ni ugonjwa huo huo?
Mwalimu

JIBU: Hapana mwalimu, huo ni mwingine kabisa na ni mwepesi. Ukiachia resi kwenye mteremko kunakuwa na petroli kidogo isiyoungua ndani ya bomba, hewa ya nje ikipata upenyo inaingia inaiwasha. Na wewe umeshanitajia upenyo, nadhani wamefunga ekzosi mpya wakarudisha gasketi ya zamani pale bomba linapoungana na injini. Ile gasketi ni ya kubonyezwa mara moja, haina maisha ya pili. Asubuhi injini ikiwa baridi pakaa maji ya sabuni kwenye hiyo jointi, washa, mtu azibe kidogo tundu la nyuma kwa kitambaa kibichi, ukiona mapovu nunua gasketi mpya na nati zikazwe zote mbili kwa zamu, siyo moja mpaka mwisho ndo uhamie nyingine. Mapovu yasipoonekana, basi ni skrubu ya hewa kwenye kabureta, izungushe robo robo injini ikiwa ya moto mpaka sailensi inapopanda juu zaidi, iache hapo, halafu uishushe kwa skrubu ya sailensi.