Maswali yenu: Kuchuliwa, kunyooshwa na kuumikwa kwa ajili ya mgongo

Safari hii karibu kila aliyeandika analia kiuno. Si ajabu, maana Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu hiyo. Nimechagua maswali yanayohusu tiba za mikono na kuyafupisha. Kazi yangu ni fiziotherapia, kwa hiyo mikono ni riziki yangu pia. Yasomeni majibu yangu mkilijua hilo.

Mtaalamu alinilaza ubavu, akanisukuma ghafla, mgongo ukalia "ka!" Alisema pingili ilikuwa imetoka, na sasa imerudi mahali pake. Kweli?

Hapana, kaka. Pingili za uti wa mgongo zimefungwa kwa kano ngumu na misuli minene. Ingekuwa imetoka kweli, ungepelekwa hospitali kwa machela, usingeingia kwake ukitembea.

Ule mlio ni ndugu wa ule wa kualisha vidole. Nyuma ya pingili kuna viungo vidogo vyenye ute. Nyuso mbili za kiungo zikitenganishwa ghafla, mgandamizo ndani yake unashuka na gesi iliyoyeyuka kwenye ute inajitokeza kama povu. Jaribu sasa hivi: alisha kidole kimoja, kisha kirudie hapo hapo. Kimya. Itabidi usubiri dakika kadhaa.

Hadithi ya pingili kutoka na kurudi ni ya zamani. Daniel David Palmer, aliyeanzisha tiba ya kiropraktiki, yaani ya kunyoosha mgongo kwa mikono, mwaka 1895 mjini Davenport huko Marekani, alifundisha kwamba magonjwa mengi hutokana na pingili zilizokaa vibaya. Nadharia hiyo haikusimama, lakini nafuu uliyoipata si ya kubuni. Inaelekea msukumo ule hutuliza neva na kulegeza misuli iliyokaza, ndiyo maana uliinuka ukiwa mwepesi. Ninachokiogopa ni lile neno "imetoka". Mtu akiamini mgongo wake unafyatuka ovyo, huanza kutembea kama aliyebeba trei ya mayai, haokoti kitu, hageuki, na kiuno kinazidi kukakamaa.

Shingo ni habari nyingine. Kuizungusha kwa ghafla kunaweza, mara chache sana, kuchana mshipa wa damu unaopanda kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Mimi siizungushi hivyo, na wangu siwaruhusu.

Masaji isiyouma inafanya kazi? Anayenichua hukandamiza kwa kiwiko mpaka machozi yanitoke, na kesho yake nina alama za bluu.

Alama za bluu ni damu iliyovuja chini ya ngozi, dada. Usizihesabu kama ushahidi wa tiba. Juzi mama mmoja alilala kitandani kwangu, naye ametoka kwa mtu wa namna hiyo. Kabla sijamgusa, vidole vya miguu vimekunjwa, ngumi zimefumbwa, pumzi ameibana. Misuli ya mgongo ilikuwa kama ubao. Hakuna kiwiko kinachoshinda misuli inayojihami. Tulianza na taulo la moto na kiganja kilichotulia tu. Baada ya muda akashusha pumzi ndefu, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Uchungu mtamu, ule unaokufanya useme "hapo hapo!", hauna neno. Ukianza kubana meno, mwambie apunguze. Asiyekubali kupunguza, badilisha mtu.

Hijama inatoa sumu mgongoni?

Kazi ya kutoa taka mwilini ni ya ini na figo. Kikombe kinachofyonza ngozi kinaacha duara jekundu au la zambarau, kama yale aliyokuwa nayo muogeleaji Michael Phelps kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, na hayo nayo ni michubuko tu. Wapo wanaojisikia vizuri baada ya kuumikwa, sitawabishia. Lakini kumbuka kwamba kwa Kiswahili kupiga chuku ni kuumika, na pia ni kutia chumvi kwenye maneno. Ukichanjwa ngozi ili damu itoke, hakikisha wembe ni mpya. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asichanjwe kabisa.

Sindano za Kichina je?

Jaribio moja la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2007 liliwagawa wagonjwa 1,162 wa kiuno makundi matatu. Baada ya miezi sita, walipata nafuu asilimia 47.6 ya waliochomwa sindano kwa kanuni za Kichina, asilimia 44.2 ya waliochomwa juu juu mahali pasipo na kanuni yoyote, na asilimia 27.4 ya waliopata tiba ya kawaida. Kwa hiyo kuchomwa kulisaidia, ila pa kuchomwa hapakuleta tofauti kubwa. Mimi nasoma hapo kwamba kulala, kutulia na kuhudumiwa ni sehemu kubwa ya dawa.

Picha ya MRI inaonyesha diski imechomoza. Niache kuchuliwa?

Si lazima. Diski ni mito laini iliyo kati ya pingili, na zilizochomoza huonekana hata kwa takriban asilimia 30 ya vijana wa miaka 20 wasio na maumivu yoyote. Mwonyeshe picha atakayekugusa, naye aanze taratibu.

Lakini ukifa ganzi sehemu za siri au makalioni, ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo, au mguu ukipoteza nguvu, usiende kwa mchuaji. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu yanayoambatana na homa, kupungua uzito bila sababu, au yaliyoanza baada ya kuanguka, nayo yaone daktari kwanza.

Mjukuu akinikanyaga mgongoni napata raha. Kuna ubaya?

Shikamoo, babu. Kama ni mdogo na mifupa yako ni mizima, raha yako. Kama umewahi kuambiwa mifupa imepungua nguvu, mwache akukande kwa mikono.

Nimeambiwa nilipie vikao 24 kwa mkupuo.

Usilipe. Lipia vitatu au vinne, kisha jiulize: sasa naweza kuvaa viatu nikiwa nimesimama? Nalala usiku kucha? Kama hakuna kilichobadilika, cha tano hakitaleta muujiza. Na kama hujapewa hata zoezi moja la kufanya nyumbani, muulize kwa nini.