Kuku kaliwa kichwa tu, na banda lilikuwa limefungwa

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Kibosho, Moshi, nafuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba. Banda ni la mabanzi, mbele nimepiga wavu wa kuku. Mwezi huu nimekuta asubuhi kuku wanne wamekufa humo ndani, hawana vichwa, miili haijaguswa. Mlango ulikuwa umefungwa na sijaona tundu. Halafu vifaranga wanapungua mchana, sijui wanakwenda wapi. Jirani anasema ni kicheche, ananishauri nipake sumu kwenye mzoga niuache nje. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Sumu iweke kando kwanza, nitaifikia.

Mlango umefungwa, tundu hakuna, kichwa kimekwenda na mwili umebaki. Hapo jibu lako liko wazi: aliyemuua hakuingia bandani. Alikuwa nje ya wavu. Kuku gizani haoni vizuri, hivyo hukaa palepale alipolala, na wako wanalala wameegemea wavu. Mnyama anapitisha mkono au mdomo kwenye tundu, anakamata shingo, anavuta. Kinachopita ni kichwa. Angekuwa amefanikiwa kuingia, ungekuta manyoya yametapakaa banda zima, na huenda wamekufa kadhaa usiku mmoja.

Wavu ule mwembamba wa matundu ya pembe sita tunaouita wavu wa kuku umetengenezwa kumzuia kuku asitoke. Kumzuia mnyama asifike ndani ni kazi nyingine, na wavu ule hauiwezi. Ukishapata kutu, mbwa wa kawaida anaurarua.

Jirani yako anamtaja kicheche, na kicheche kweli anaua kuku. Ila yeye hutembea chini, si mpandaji hodari, na mara nyingi huacha harufu kali. Kama kuku wako waliouawa walikuwa kwenye kichanja, juu usawa wa kiuno au zaidi, mimi ningemshuku kanu: mwembamba, mwenye madoa, mkia mrefu wa pete nyeusi na nyeupe. Huyo anapanda mti, ukuta na paa kama paka. Bundi mkubwa au paka pia anaweza kufanya kazi hiyohiyo. Ukitaka kujua zaidi, jioni nyunyiza majivu laini yaliyochekechwa kuzunguka banda, asubuhi uangalie nyayo. Alama za kucha zikionekana mbele ya vidole, fikiria nguchiro, kicheche, nyegere au mbwa. Zisipoonekana, ni paka au kanu.

Kagua pia mzoga wenyewe. Kuku aliyeumwa akiwa hai huvuja damu, na ukimchuna utaona damu imevilia chini ya ngozi shingoni. Ukikuta pakavu, alikufa kwanza ndipo akaliwa, na hapo tatizo lako linaweza kuwa mdondo, ule ugonjwa wa kuku wa virusi. Nawaona wengi wanapiga misumari wiki nzima wakati kuku wanahitaji chanjo.

Sasa banda. La kwanza halina gharama: leo hii sogeza kichanja kiwe mbali na wavu, angalau sentimita 45 kila upande. Ukikosa nafasi, pigilia mabanzi au kipande cha bati usawa wa mahali kuku wanapolala, ili hata wakiegemea waegemee ukuta. Usizibe banda lote, tafadhali. Kuku wanahitaji hewa; ukiwafungia na harufu ya mavi yao watakohoa kabla kanu hajarudi. Acha nafasi ya juu chini ya paa, lakini iwekee wavu mzito wa kuchomelea wenye matundu ya nusu inchi. Ni huohuo utakaobadilisha upande wa mbele pesa ikipatikana. Anza na mita moja ya chini na sehemu ya kichanja, mengine yafuate. Ufunge kwa misumari ya senyenge, na ncha za wavu zibanwe kwa ubao juu yake, maana mnyama huanzia kwenye ncha iliyolegea.

Zungusha macho kwenye mianya. Mabanzi yakikauka hupindana na kuachia nafasi, na uwazi wa chini ya mlango husahaulika kila mara. Popote ambapo vidole viwili vinapita, ziba. Kwa wachimbaji, laza wavu chini kwa nje kuzunguka banda, upana wa sentimita 30 hadi 45, uushikize kwa mawe na udongo. Mnyama huanza kuchimba pale ukuta unapogusa ardhi. Akikuta wavu hapo hana akili ya kurudi nyuma hatua moja.

Vifaranga ni kesi nyingine, na mwizi mwingine. Kwenu Kibosho kihamba, yaani shamba la migomba kuzunguka nyumba, kina kivuli, na mwewe hapendi kushuka katikati ya migomba. Ungekuwa mwenyeji wa Kahe au Mabogini kule tambarare, ningeanza na mwewe. Kwako namshuku nguchiro, ambaye anatembea mchana na anapenda sana kule kunakofichika: rundo la majani makavu ya migomba, kuni zilizopangwa, ukingo wa mfongo, ule mfereji wa kumwagilia. Safisha mita chache kuzunguka banda ili avuke uwazi akionekana. Mama na vifaranga wakae chini ya tenga au kwenye kizimba cha wavu kwa wiki sita hivi za mwanzo. Mayai okota mchana usingoje jioni. Yule nguchiro mwenye milia hulirusha yai nyuma kati ya miguu ligonge jiwe lipasuke, kwa hiyo ukikuta maganda karibu na jiwe umempata mhusika. Panya naye anabeba kifaranga cha siku chache, usimsahau.

Kuhusu sumu: hapana. Atakayekula mzoga ule anaweza kuwa mbwa wa jirani huyohuyo, au bundi anayekupunguzia panya, na watoto wanacheza humo humo kihambani. Kanu na nguchiro ni wanyamapori, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakubana ukiwaua au kuwategea bila kibali. Mzoga uzike kwa kina siku hiyohiyo, maana aliyeacha nyama hurudi kuifuata. Ukikuta mnyama wa porini mchana hakuogopi, anayumba au anatoa mate, usimguse, kichaa cha mbwa hakibagui. Akikuuma, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha hospitali bila kungoja kesho.

Mwisho, siafu. Masika wanapohama, banda ulilolikaza vizuri hugeuka mtego, kwa sababu kuku hawana pa kukimbilia. Mlango uwe wa kufunguka upesi kutoka nje. Ukiweka kufuli kwa ajili ya wezi wa miguu miwili, ufunguo ukae mahali ambapo kila mtu wa nyumbani anapajua, hata usiku wa manane.