Mbona hawamtoi hayo mawe?

SWALI: Dokta shkamoo. Mama mdogo yuko aisiyu siku ya sita leo. Alianza na maumivu chini ya chembe ya moyo yanapenya mpaka mgongoni, anatapika, sisi tukajua vidonda vya tumbo. Utrasaundi ikaonyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo na kongosho limevimba. Sasa figo zimelegea ila opresheni hawamfanyii, antibayotiki hawampi, wanamlisha kwa mpira wa puani tu. Ndugu wanataka ahamishwe. Jirani naye kaleta mafuta ya zeituni na ndimu, eti mawe yatatoka chooni. — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Hicho mnachokiona kama katelekezwa ndo matibabu yenyewe. Jiwe dogo kama punje ya mtama linasumbua kuliko kubwa, maana kubwa linabaki mfukoni, dogo linateleza kwenye mrija linakwama pale ambapo njia ya nyongo na ya kongosho (ile tezi iliyo nyuma ya mfuko wa chakula, inayotoa juisi ya kusaga chakula) zinakutana, basi juisi hiyo inaanza kulisaga kongosho lenyewe. Figo au mapafu yakifeli zaidi ya masaa 48 ndo tunasema hali hii ya kongosho kuvimba imekuwa kali.

Ingekuwa nyepesi wangemtoa huo mfuko wa nyongo kabla hajarudi nyumbani. Hii wanangoja uvimbe na maji yaliyojikusanya yatulie, mara nyingi wiki 6 hivi au zaidi, kumpasua saa hizi ni kumwongezea balaa. Huo mpira msiuchukie! Zamani tuliwafungisha njaa kabisa wagonjwa hawa, kumbe utumbo ukikaa mtupu ukuta wake unalegea na bakteria wanavuka. Antibayotiki ni mpaka maambukizi yaonekane.

Angalieni ule mfuko wa mkojo unaoning'inia kitandani, mtu wa kilo 60 tunataka walau mililita 30 kwa saa, mkiona hazifiki waulizeni manesi. Na je, macho yana manjano, ana homa ya kutetemeka? Kama ndiyo, mrija umeziba na una maambukizi, anahitaji kamera ya kupitishwa mdomoni kuufungua ndani ya masaa 24, hapo hospitali ikiwa haina hicho kifaa ndo kumhamisha kuna maana, tena mkisindikizwa na daktari.

Mafuta na ndimu hapana kabisa. Yale madonge ya kijani watu wanayoyaona chooni ni mafuta yaliyogeuka sabuni, wala si mawe, halafu mafuta yanaufanya mfuko wa nyongo ujikamue, unaweza kusukuma jiwe lingine. Mwambie jirani akakaangie samaki.